Mvinyo Mkavu Kabisa

Asubuhi ile Shemeji aliingia katika duka la vinywaji kwa sababu moja tu: ndani kulikuwa na kiyoyozi, na nje jua lilikuwa linachoma. Hakuwa na nia ya kununua kitu. Shemeji hakuwa mtu wa kununua. Alikuwa mtu wa kupita, na mara nyingi alipokwisha kupita, watu walianza kupapasa mifuko yao.

Jina la kuzaliwa alikuwa nalo, ila lilikuwa limechakaa kwa kutotumika. Watu walimwita Shemeji kwa kuwa yeye alimwita kila mwanamume shemeji, na neno hilo ndilo lililokuwa mtaji wake wote. Ukimwita mtu ndugu, anakupita. Ukimwita bosi, anajua unataka kitu. Lakini ukimwita shemeji, lazima asimame kidogo, awapitie dada zake moyoni mmoja mmoja, ajue ni yupi aliyeolewa na huyu bila yeye kuambiwa. Mtu akishasimama, kazi iliyobaki ni ya ulimi.

Cha kusikitisha ni kwamba shemeji wake wa kweli, mume wa dada yake, ndiye mwanamume pekee mjini ambaye neno hilo halikumsimamisha. Alikuwa mwalimu wa udereva, mtu wa kufuata alama za barabarani hata akiwa sebuleni kwake. Asubuhi hiyo hiyo alikuwa ameweka kikombe mezani na kusema, "Kochi langu si kituo cha basi. Jumapili nataka kulikalia." Dada mtu alikuwa ameinama anakoroga chai iliyokwisha korogwa, na hakusema neno. Shemeji alikuwa ameshafukuzwa sehemu nyingi na hakuna iliyomnyima usingizi. Huku kunyamaza kwa dada yake kulimuuma.

Basi alikuwa amesimama mbele ya rafu akijifanya anasoma chupa, alipoingia Bwana Magodoro.

Bwana Magodoro alijulikana na kila mtu aliyewahi kulala. Duka lake lilikuwa pale njia panda, ghorofa moja na nguzo za ghorofa nyingine isiyofika, na yeye mwenyewe hakukosa chembe za sponji mabegani. Siku zote aliongea kwa sauti ya mnada. Siku hiyo alimsogelea dada wa duka na kunong'ona, utadhani anaulizia dawa ya ugonjwa wa aibu.

"Nataka mvinyo usio na sukari."

"Mkavu?" akauliza dada.

"Usinitanie, binti yangu. Nimesema mvinyo. Kitu cha maji kinakuwaje kikavu?"

Dada wa duka alikuwa na subira ya watu wanaouza vitu wasivyovinywa. "Mzee, zabibu zina sukari yake. Hamira inaila sukari hiyo na kuigeuza kilevi. Ikiila karibu yote, mvinyo unaitwa mkavu. Ikibakiza kidogo, ni nusu mkavu. Ikibakiza zaidi, nusu mtamu. Ikiacha sukari nyingi, basi huo ni mtamu. Wanapima gramu kwa lita, hawabahatishi."

"Sawa. Na huu wa povu ulioandikwa 'kavu zaidi', mbona niliambiwa una sukari?"

"Ya povu ina vituko vyake. Huko, 'kavu zaidi' ina sukari kuliko ile inayoitwa 'bruti'."

"Kavu zaidi ndiyo tamu zaidi?"

"Kuliko bruti, ndiyo."

"Nani aliyepanga hivyo?"

"Wenyewe, mzee."

Bwana Magodoro akaishika rafu kwa mkono mmoja. Kisha, kwa kuwa aibu ikizidi hutafuta pa kumwagikia, akamweleza dada wa duka masaibu yake, na Shemeji, aliyekuwa amejikausha nyuma ya chupa za maji, akayapokea yote bila kupoteza hata tone.

Binti yake Bwana Magodoro alikuwa ameposwa. Kijana alikuwa mzuri, mpole, hana neno. Tatizo lilikuwa baba wa kijana, mpimaji ardhi mstaafu, ambaye zamani alipelekwa semina ng'ambo na akarudi na ulimi mpya. Mtaani walimwita Mstaafu tu. Hakunywa kitu chenye sukari, na hakumheshimu aliyekunywa. Alipokuja mara ya kwanza, Bwana Magodoro alimnunulia mvinyo wa bei, bila kujua kwamba ni mkavu. Akauonja kwanza jikoni, akaona mchungu, akadhani umeharibika, akautia vijiko viwili vya sukari na kukoroga vizuri. Mstaafu alipiga funda moja, akatafuta pa kutemea, akaona chombo cha maua. Mara ya pili Bwana Magodoro alileta chupa ya povu iliyoandikwa "kavu zaidi". Mstaafu hakuonja hata. Alinusa tu na kusema, "Sukari," kwa sauti ya askari aliyekamata magendo.

"Jumamosi anakuja mara ya tatu," Bwana Magodoro akasema. "Mwanangu amenikalisha chini. Hakulia hata. Kaniambia, baba, nampenda huyu kijana, ukimpoteza kwa sababu ya chupa sitajua nikusamehe vipi." Akajifuta uso. "Nimeshampelekea na nyingine tatu nyumbani kwake, za kuonja. Zote zimerudi. Kila chupa anakuta sukari."

Kwa heshima ya ukweli, hapa lazima isemwe kwamba Shemeji alimwonea huruma. Ilimjia, akaihisi, ikapita. Kisha akamfuata nje.

"Shemeji," akaita.

Bwana Magodoro akasimama. Midomo ikamchezacheza, akipitia dada zake.

"Yule dada kakufundisha vizuri," Shemeji akasema, akimshika kiwiko na kumvuta kivulini. "Lakini kaishia ngazi za chini, za wateja wa kawaida. Mtu wa hadhi yako haambiwi mambo ya nusu mkavu. Hakukuambia kuhusu mkavu kabisa?"

"Kuna mkavu kabisa?"

"Nikuulize. Hamira ikishamaliza sukari yote, inafanya nini?"

Bwana Magodoro akafikiri. "Inalala?"

"Na njaa yake? Haiwezi, shemeji. Inaanza kula mvinyo wenyewe."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka mwisho. Kinachobaki ni ukavu mtupu."

"Na sukari yake gramu ngapi?"

"Sifuri," akasema Shemeji, akainua mkono wa kulia. "Ulimi wangu ukatike kama kuna hata chembe." Na iwekwe wazi kwamba mwaka ule mzima hakuwahi kusema neno la kweli kuliko hilo.

Chupa aliipata nyuma ya duka la vinywaji, kwenye kreti za kutupwa. Ilikuwa ya kioo cheusi, yenye mabega mapana na adabu zake. Akaiosha, akaianika dirishani kwa dada yake mpaka ikakauka kweli, akaibana kizibo na kukimwagia nta ya mshumaa mwekundu. Kesho yake akaipeleka dukani kwa Bwana Magodoro, imelazwa kwenye nyasi za boksi, mikononi mwake kama mtoto mchanga.

Bwana Magodoro akaipokea. Akaipima kwa mkono wa kulia, akaihamishia wa kushoto.

"Mbona nyepesi?"

"Sukari ndiyo nzito, shemeji."

Akaitikisa sikioni. "Sisikii kitu."

"Ile sauti ya kuchezacheza kwenye chupa nyingine, wewe ulidhani ni nini? Sukari."

"Aaa," akasema Bwana Magodoro. Akamtazama Shemeji kitambo, jicho lile analomtazamia mteja aliyejaribu godoro hadi akasinzia. "Basi nipe bei."

Kwa kawaida, hapa ndipo Shemeji alipotaja bei, akapokea, akatoweka kabla wino wa risiti haujakauka. Alikuwa ameshafungua mdomo. Lakini Bwana Magodoro akamwahi.

"Pesa sitoi. Nitakupa kitu bora. Juu ya duka hili nina chumba kimekaa tu. Ukija Jumamosi ukaimimina kwa mkono wako, na mkwe wangu akaikubali, chumba ni chako. Kodi sitaki. Na godoro juu yake."

Shemeji akaufunga mdomo. Akili yake, ambayo haikuwahi kumdanganya ila alipokuwa peke yake nayo, ilimwambia akatae. Mtu anayeuza hewa hangoji ifunguliwe. Lakini alikuwa amelala kwenye kochi la watu muda mrefu, miguu ikining'inia nje, akiamshwa na mtu anayetaka kuvaa soksi. Yeye aliyezoea kukimbia alijikuta anataka kukaa mahali, na alilitaka jambo hilo kwa nguvu mpaka likamtia aibu.

"Kina mlango?" akauliza.

"Mlango upo. Ufunguo wake huu hapa."

"Kina hewa?"

"Hewa ndiko kwao."

"Dirisha?"

"Shemeji yangu," akasema Bwana Magodoro, akilitumia neno hilo kwa mara ya kwanza, "kutoka pale unauona mji mzima."

Jioni Shemeji akamwambia dada yake amepata chumba. Dada akaacha kukunja nguo. "Cha kweli?" akauliza. "Kina mlango," akajibu, akainua kidole kama anayeapa. Dada akageuka kabatini na kukaa huko akitafuta kitu ambacho hakikuwepo, na aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. "Ukihamia nitakuletea shuka jipya," akasema. "Sitaki ulale kwenye godoro tupu."

Jumamosi sebule ya Bwana Magodoro iling'aa. Makochi yalivuliwa nailoni zake kwa mara ya kwanza tangu yanunuliwe. Mstaafu alikaa katikati, tai imemkaba, mkewe kando yake na soda yake, kijana wao mkabala na binti. Shemeji aliingia na kizibao cha kuazima na kitambaa cheupe mkononi. Alikuwa amejipanga. Mtu anayekuta sukari kila mahali, alijiambia, mpe mahali pasipo na mahali, uone atashika wapi.

Akakivuta kizibo. Kikalia "po", na hiyo ndiyo sauti ya mwisho iliyotoka katika chupa ile. Akainamisha shingo ya chupa juu ya glasi ya Mstaafu, akaishikilia kwa muda unaostahili, akaizungusha mwishoni ili tone lisidondoke, akaifuta mdomo.

"Mkavu kabisa, mheshimiwa," akasema. "Watu wengi hawaujui. Sukari imeondoka, na rangi imeifuata, kwa maana rangi nayo ni ndugu yake sukari."

Mstaafu akaiinua glasi, akaielekeza dirishani. Ilikuwa safi. Mtu angeweza kusoma gazeti kwa kupitia kwake.

"Baba," akaanza kijana, "mbona hii haina..." Binti akamkanyaga mguu chini ya meza. "...haina mfano," akamalizia binti. "Hata mimi nilipoiona nilisema hivyo hivyo." Bwana Magodoro akamtazama mwanawe na roho ikamtulia.

Mstaafu akatia pua. Akanusa upande wa kulia, akanusa upande wa kushoto. Uso ukamkunjamana, kwa maana alikuwa anatafuta sukari na hakukuwa na pa kuitafutia. Shemeji alikuwa ameshaupima umbali wa mlango, akaona mke wa Mstaafu amekaa njiani.

Mstaafu akapiga funda. Akalizungusha mdomoni, akalipeleka shavu hili na lile, akameza. Koromeo likapanda, likashuka.

"Sukari..." akasema.

Bwana Magodoro akalishika kochi kwa mkono mmoja.

"Sukari hakuna." Akafumba macho. "Maisha yangu yote nimetafuta kitu hiki. Kule semina walitugusia tu, mimi nikadhani ni mzaha. Niongezee."

Shemeji akaongeza. Hakuwa mtu wa kunyima. Glasi ya pili Mstaafu akalegeza tai. Glasi ya tatu akavua viatu, akamwita Bwana Magodoro "mkavu mwenzangu" na kumkumbatia mpaka chembe za sponji zikamwingia puani. Akaeleza, ulimi ukiwa mzito, jinsi alivyowahi kupima kiwanja cha bosi wake kimakosa kikaingia hatua kadhaa ndani ya shule, na jinsi jambo hilo linavyomsumbua. Akalia kidogo. Akaimba. Akataka tarehe ya harusi ipangwe pale pale kabla chupa haijaisha, ikapangwa.

"Baba, basi," akasema mkewe, akiifunika glasi kwa kiganja. "Unakumbuka daktari alisemaje."

"Nusu tu."

"Hata tone."

Walimshika huku na huku hadi kwenye gari. Mkewe akamnyang'anya funguo. "Hawezi kuendesha huyu," akasema kwa ukali, akaingia kwenye usukani mwenyewe. Binti akamfuata baba yake barazani, akamshika mkono, akaubana. Bwana Magodoro hakuhitaji zaidi.

Jikoni, Shemeji alikuwa peke yake na glasi ya Mstaafu. Aliigeuza juu chini. Kisha, kwa ajili ya kujua tu, akailamba ukingo. Akahisi, au alidhani amehisi, kizunguzungu chepesi na joto kifuani. Alisimama pale akijiuliza kama hakugundua kitu kikubwa bila kukusudia. Huo ndio wakati mbaya kuliko yote kwa mtu wa kazi yake, na hakuna aliyekuwepo wa kumwambia.

"Twende ukapokee haki yako," akasema Bwana Magodoro mlangoni.

Dukani, godoro lilikuwa tayari limekunjwa na kufungwa kamba, foronya yake ya maua mekundu, mpya, inanukia kiwanda. Shemeji akajifunga kibwebwe kulinyanyua, akarusha mikono juu kwa nguvu, na godoro nusura lipae.

"Mbona jepesi?" akauliza.

"Sponji ndiyo nzito, shemeji."

Shemeji akalibonyeza. Kidole kikaingia, kikakutana na kidole chenzake cha upande wa pili. Akageuka taratibu. Bwana Magodoro alikuwa amesimama nyuma ya kaunta, macho makavu, hata kope haitikisiki.

"Mimi nimeuza magodoro tangu sijaota ndevu," akasema. "Mengine yenye sponji, mengine yenye vitambaa, mengine, Mungu anisamehe, yenye matumaini. Nikishika kitu najua ndani kuna nini. Chupa yako niliijua kabla hujaniachia mkononi."

"Sasa mbona..."

"Kwa sababu yule mzee alishakuta sukari katika kila chupa mjini hapa. Ilibaki moja tu ambayo asingeweza kuikuta. Mimi nisingethubutu kumpa mkwe wangu chupa tupu kwa mkono wangu. Nilihitaji mtu asiye na haya." Akatabasamu kwa upole wa kweli. "Umeniozeshea binti, siwezi kukutoa kapa. Nimekulipa kwa daraja lile lile ulilonipa. Ufunguo huu."

Shemeji akaushika ufunguo. Alijua amepigwa changa la macho, na kama fundi alikubali moyoni kwamba kazi ilikuwa safi. Lakini ufunguo ulikuwa mzito. Ulikuwa wa chuma, una meno. Foronya aliiweka begani, akaanza kupanda ngazi za nje, akijiambia kwamba sponji hununuliwa, nyasi zipo, maboksi yapo, la muhimu ni chumba.

Ngazi ziliishia kwenye mlango wa mbao uliopakwa rangi ya kijani. Akatia ufunguo. Kufuli likaitika vizuri. Akafungua, akaingia, akajikuta mbinguni.

Hewa ilikuwepo. Mji mzima ulionekana. Nguzo nne zilisimama pembeni, nondo zake zimechomoza juu kungoja ghorofa ambayo haikuja, na katikati ya moja ya pande nne, katika fremu yake, bila ukuta kulia wala kushoto, ulisimama mlango.

"Umekionaje?" sauti ya Bwana Magodoro ikaita kutoka chini.

"Hakina kuta!"

"Kuta ni sukari, shemeji."

Shemeji hakuuliza kuhusu paa. Alikaa chini juu ya foronya, akafikiria kochi, akamwona mwalimu wa udereva amelikalia tayari, miguu ameinyoosha. Akamfikiria dada yake anavyokunja nguo, akijua mdogo wake amepata chumba. Akainuka, akaufunga mlango wake kwa ufunguo, kwa kuwa hakuwahi kuwa na mlango na alitaka kujua inakuwaje, akarudi kukaa.

Tone la kwanza lilimwangukia kwenye paji la uso. La pili kwenye pua. Kisha mawingu yakafunguka yote kwa pamoja, na ilikuwa mvua ambayo kwa vipimo vya wataalamu wowote, wa huku au wa ng'ambo, isingeweza kuitwa kavu.

Alikuwa amesimama chini ya fremu, pahali pekee palipokuwa na upana wa kiganja cha kujikinga, aliposikia hatua ngazini. Dada yake alikuwa anapanda, mwavuli mkono mmoja, shuka jipya ndani ya mfuko wa nailoni mkono mwingine. Alifika juu. Aliliona bega moja la mdogo wake upande wa kulia wa mlango, na la pili upande wa kushoto, na maua mekundu ya foronya yakielea kwenye dimbwi. Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akasogea mbele ya mlango wa kijani, akauweka mfuko vizuri kifuani, akagonga.

"Hodi," akasema.

Shemeji akaanza kupapasa mifuko yake, wa shati, wa kizibao, wa suruali, maji yakimtiririka machoni.

"Subiri kidogo, dada," akasema. "Nakufungulia."